Umeandika Kitabu Kikakwama Chini ya Kitanda? Hapa Ndipo Utapata Rivyu Zinazouza

Kama umeandika kitabu, ama uko na beshte ameandika na hakiendi, hii ni yako. Soma mpaka mwisho, kuna doh ya mtu ndani.

Kwa ploti yetu hapa Huruma, orofa ya tano, kuna jirani yangu ni makanga. Mchana ananing'inia kwa mlango wa mathree akiita abiria, usiku anaandika. Mwaka juzi alimaliza riwaya yake, kurasa 140, ya makanga anayepata mtoto mdogo amelala kiti cha nyuma baada ya tripu ya mwisho. Akachukua mkopo wa ngiri 50 kwa sacco, akachapisha kopi 200 huko tao, kila moja bob 250. Bei ya kuuza akaweka bob 500. Hesabu ilikuwa safi: akiuza nusu, mkopo umelipika. Nusu ingine ni ya kwake.

Miezi mitatu baadaye alikuwa ameuza 17. Zote kwa watu wanaomjua, na wengine walinunua kwa huruma tu (si ya mtaa, ile ingine). Boksi zilikaa chini ya kitanda mpaka mkewe akaanza kuzipanga sufuria juu. Hapo ndipo msee mmoja wa mtandaoni akamwambia shida yake ni kukosa rivyu. Bei: bob 6,000, rivyu 30, zote nyota tano. Jirani akatuma.

Rivyu zilikuja kweli. Moja ilisifu "Kiingereza kitamu" cha mwandishi. Kitabu chenyewe ni Kiswahili na Sheng mwanzo mwisho. Baada ya wiki mbili zote zikafutwa, na yule msee akazima simu. Kopi zilizouzwa kwa sababu ya zile rivyu 30: sufuri.

Kwa hivyo nikaamua kukusanya rada yote mahali pamoja: rivyu inapatikana wapi, inagharimu pesa ngapi, na ni gani inamfanya mtu atoe simu na kulipa.

RIVYU NI NINI, NA INAUZAJE?

Mwalimu wa fasihi ataiita uhakiki. Gazeti litaiita mapitio. Mtaani ni mtu kukwambia, "Nimesoma hii kitu, na hivi ndivyo nimeona." Yote ni moja, lakini kazi zake ni tofauti.

Kuna rivyu ya heshima. Hii ni ile unaweka nyuma ya jalada ama kwa barua ya kuomba tuzo. Inaonyesha kitabu chako kimepita mbele ya macho ya mtu anayejua. Ni nzuri, lakini mara nyingi haiuzi kopi siku hiyo.

Halafu kuna rivyu ya kuuza. Hii inatoka kwa mtu ambaye mnunuzi anamwamini, inasema kitabu kinahusu nini na kinamfaa nani, na mnunuzi akimaliza kuisoma anajua mahali pa kukipata na bei yake. Ukikosa kimoja kati ya hivyo, rivyu inabaki sifa tu.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa vitabu hiyo ni nusu ya ukweli. Kizuri kinajiuza mtu wa kwanza akishakisoma, na huyo mtu wa kwanza ndiye kazi yako.

Jirani yangu alimpata wa kwake bila kujua. Kuna dada anasuka nywele upande wa Kiamaiko. Alinunua kopi moja, akaisoma Jumapili, kisha akatuma ujumbe wa sauti wa dakika nne kwa grupu ya chama chao. Hakusifu sana. Karibu dakika mbili alikuwa analalamika kuhusu mwisho, akiuliza kwa nini mama wa yule mtoto alisamehewa haraka hivyo. Wiki hiyo watu 11 walimtafuta jirani wakitaka kitabu, kila mmoja akisema anataka kuona huo mwisho. Rivyu 30 za kulipia hazikuuza hata moja. Lalamiko moja la mtu halisi likauza 11.

Shika hapo, kwa sababu kila kitu kinachofuata kinarudi kwa hiyo stori.

1. WASOMAJI WA MTAANI

Gharama: kopi 10 hadi 20 za bure.

Usianze na gazeti, anza na watu wanaoongea na watu wengi kila siku: msusi, kinyozi, muuza duka, mwalimu, kiongozi wa vijana kanisani ama msikitini, fundi wa simu, mwenyekiti wa chama. Chagua wale wanaopenda kusoma. Usiwape wale wanaokupenda. Mamako atasema ni kizuri hata kama hajafungua.

Ukimpa mtu kopi, usimwambie "nisaidie, nisifu." Mwambie: "Soma, halafu uniambie ukweli, kizuri na kibaya. Ukipenda, waambie wenzako." Kisha mpe wiki tatu. Asiporudi, muulize mara moja kwa upole, basi. Kitabu si deni.

Akikwambia kitu kizuri, omba ruhusa ya kutumia maneno yake na jina lake la kwanza kwa WhatsApp na kwa bango lako. Usibadilishe maneno. "Nililala saa nane sababu ya hii kitabu" inauza kuliko "riwaya yenye mvuto wa kipekee," kwa sababu hakuna mtu mtaani anaongea kama hiyo ya pili.

2. MAKTABA NA VIKUNDI VYA KUSOMA

Gharama: kopi 2 au 3, nauli, na muda wako.

Wasee wa Eastlands wengi hawajui tuko na maktaba karibu. Kuna ya Kaloleni na ya Makadara, zote matawi ya McMillan Memorial, ile jumba la nguzo kubwa lililofunguliwa tao 1931. Hizi tatu ndizo shirika la Book Bunk, lililoanzishwa na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka mwaka 2017, limekuwa likizifufua kwa kushirikiana na kaunti ya Nairobi. Pia kuna matawi ya maktaba ya taifa, KNLS, na moja liko Buruburu.

Ingia, salimia msimamizi, acha kopi, na uulize kama kuna siku ya wasomaji kukutana. Ukikubaliwa kuja kuongea, usitoe hotuba. Soma kurasa mbili, halafu waache wakuulize maswali. Watu 15 waliosoma kitabu kimoja na wakabishana juu yake ni rivyu 15 zinazotembea kwa miguu.

Vikundi vya kusoma vya Nairobi viko vingi na vingi vinaishi kwa WhatsApp na Instagram. Wengi hupanga kitabu cha mwezi mapema, kwa hivyo waandikie miezi miwili au mitatu kabla. Ahidi mambo mawili: bei nafuu wakinunua kopi nyingi, na wewe mwenyewe kufika siku ya mjadala. Mwandishi wa ng'ambo hawezi kuwafanyia hiyo ya pili, na hapo ndipo unamshinda.

3. MADUKA YA VITABU

Gharama: asilimia ya mauzo, kulingana na mkataba wa duka.

Muuza vitabu ni mhakiki ambaye hakuna mtu humwita mhakiki. Mteja akiingia na kuuliza "niko na thao moja, ninunue nini cha Mkenya?", jibu la muuzaji ndiyo rivyu yenye nguvu kuliko zote, kwa sababu doh iko mkononi tayari.

Nuria, iliyo Bazaar Plaza pale Moi Avenue, inajulikana kwa kuuza vitabu vya Wakenya waliojichapishia wenyewe, dukani na mtandaoni. Prestige na Text Book Centre ni za miaka mingi. Na usidharau inama bookshop, wale wauzaji wa kando ya barabara tao ambao lazima uiname ndiyo uone vitabu. Mwenye kuuza hapo anajua wateja wake na anajua nani anapenda nini.

Kabla uende dukani, hakikisha kitabu kina ISBN. Hapa Kenya nambari hiyo hutolewa na KNLS. Bila hiyo, duka kubwa litakuwa na shida kukiweka kwa mfumo wao, na hata wanaotaka kukihakiki watakosa cha kuandika kwa maelezo.

Mpe muuzaji kopi moja yake ya kusoma, na kadi ndogo yenye sentensi mbili: kitabu kinahusu nini, na ni cha mtu wa aina gani.

4. TIKTOK, INSTAGRAM NA WENGINE

Gharama: kopi moja kwa kila unayemwandikia, pamoja na usafirishaji.

Kuna vijana Wakenya wanaongea kuhusu vitabu kwa TikTok na Instagram kila wiki. Wengi si maselebu, na hiyo ndiyo raha yake. Mwenye wafuasi 900 wanaosoma kweli ni bora kwako kuliko mwenye laki mbili wanaotaka vichekesho.

Kabla umwandikie mtu, tazama posti zake kumi za mwisho. Kama anasoma mapenzi pekee, usimtumie kitabu chako cha ukulima. Tafuta aliyewahi kuongea kuhusu kitabu kinachokaribiana na chako.

Wakati mzuri wa kujitokeza ni Septemba. Mwezi huo ndio wa Kenyan Readathon, ambapo wasomaji mtandaoni hujipa kazi ya kusoma vitabu vya Wakenya na kuvizungumzia. Lakini ukituma kopi Septemba umechelewa. Tuma Julai ama Agosti mapema, ndiyo iingie kwa orodha zao.

Akikuambia anaitisha pesa ya kutangaza, hiyo si rivyu, ni tangazo. Si dhambi kununua tangazo, lakini liitwe tangazo, na watazamaji waambiwe.

5. GOODREADS NA AMAZON

Gharama: bure, lakini kuna mitego.

Goodreads ilianza 2007 na Amazon ikainunua 2013. Mtu yeyote mwenye akaunti anaweza kuandika rivyu hapo, hata kama alisoma kopi ya kuazima. Kama kitabu chako hakiko kwa orodha, kuna grupu ya wasimamizi wa Goodreads ambao unaweza kuwaomba wakiongeze. Kikishaingia, chukua ukurasa wako wa mwandishi, hiyo haina malipo. Kisha waombe wale wasomaji wako wa kwanza waandike hapo kile walichokwambia. Hata mistari mitatu inatosha. Mtu wa Mombasa ama wa Minnesota akitafuta jina la kitabu chako kwa Google, anapata kitu.

Amazon ni hadithi ingine. Wasee wengi huambia marafiki 20 waende waandike nyota tano, halafu wanashangaa kwa nini hakuna kinachoonekana. Sababu ziko mbili. Kwanza, ili uandike rivyu pale Amazon ya Marekani, akaunti yako lazima iwe imetumia angalau dola 50 kwa kadi ndani ya miezi 12 iliyopita. Ni wangapi kwa ploti yenu wamefanya hiyo? Pili, Amazon hairuhusu rivyu za familia na marafiki wa karibu, na ikishuku inazifuta.

Kumpa msomaji kopi ya bure kunaruhusiwa. Kile hakiruhusiwi ni kumwekea sharti kwamba lazima aandike, ama lazima asifu, ama kumlipa. Kwa hivyo kama kitabu chako kinauzwa Amazon, wanaokufaa hapo ni Wakenya walio ng'ambo. Tafuta yule cousin wa beshte yako aliye Texas, lakini awe ni mtu hamjuani, na awe amesoma.

6. MAGAZETI NA REDIO

Gharama: kopi moja na barua fupi.

Kama umeandika kwa Kiswahili, anza na Taifa Leo. Limekuwa likichapisha mapitio ya tungo na kuwapa nafasi waandishi wa Kiswahili kwa miaka, na walimu wengi hulisoma. Kwa Kiingereza kuna Nation, hasa la Jumamosi, Standard, na The East African kama kitabu chako kinagusa eneo zima.

Mhariri anapokea vitabu vingi kuliko nafasi aliyonayo. Cha kwake ni kujua kwa nini msomaji wake ajali wiki hii. "Nimeandika riwaya" si habari. "Makanga wa Huruma ameandika riwaya kuhusu watoto wanaoachwa kwa matatu" ni habari. Weka hiyo kwa sentensi ya kwanza.

Usitoe chai. Kama mtu anaitisha kitu kidogo ndiyo aandike, tafuta mwingine. Rivyu iliyonunuliwa hukaa kwa gazeti siku moja, lakini jina lako hukaa na wewe.

Redio nayo isisahaulike. Kwa kitabu cha Sheng, Ghetto Radio 89.5 inaongea lugha yenyewe ya wasomaji wako. Dakika tano za mtangazaji akiuliza "sasa huyo mtoto alipatikanaje?" zinafika kwa matatu zote zenye hiyo stesheni. Ukienda, uwe umekariri mahali kitabu kinapatikana. Nimesikia mwandishi akiongea vizuri dakika 20 halafu anaulizwa "tunakipata wapi?" anaanza kubabaika.

7. WALIMU

Gharama: uvumilivu.

Hapa Kenya soko kubwa la vitabu ni shule. Huko, mhakiki mkuu ni KICD, taasisi ya mitaala. Kitabu kikipita kwa wahakiki wake kinaingia kwa orodha ya vitabu vilivyoidhinishwa, ile walimu huiita Orange Book. Wachapishaji hulipa ada kuwasilisha vitabu, na vigezo ni vikali: lugha, maadili, umri wa mtoto, kila kitu.

Kama uko peke yako na kopi 200, hiyo si vita ya leo. Lakini mwalimu wa Kiswahili mmoja anayekipenda kitabu chako atakwambia makosa ya lugha ambayo marafiki waliogopa kukuambia, na atakitaja kwa walimu wenzake. Msikilize hata akiwa mkali. Ukichapisha mara ya pili, utamshukuru.

8. TUZO

Tuzo ni rivyu iliyovaa suti. Majaji wamesoma, wakalinganisha, wakachagua. Hata kuingia kwa orodha fupi kunakupa mstari wa kuweka kwa jalada.

Tuzo ya Jomo Kenyatta ya Fasihi ilianza 1974, na iko chini ya Chama cha Wachapishaji wa Kenya, ikiwa na vitengo vya Kiswahili na Kiingereza. Hutolewa kila baada ya miaka miwili, ikipishana na Tuzo ya Wahome Mutahi, iliyopewa jina la yule mwandishi wa safu ya Whispers. Kwa Kiswahili kuna pia Tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanza 2014 ikiitwa Mabati-Cornell, na hii hupokea hata miswada ambayo haijachapishwa. Soma masharti polepole kabla utume: tarehe, idadi ya kopi, na nani anaruhusiwa kuwasilisha.

Chama hicho hicho cha Wachapishaji ndicho huandaa maonyesho ya kimataifa ya vitabu ya Nairobi pale Sarit, kwa kawaida Septemba. Hata kama huna pesa ya meza, enda utembee. Wahariri, wauzaji na wahakiki wote wako jengo moja.

9. RIVYU ZA KULIPIA

Hapa lazima tuseme ukweli wote, kwa sababu zote si feki.

Kuna kampuni halali zinazolipisha mwandishi ili kitabu chake kipewe mhakiki, bila kuahidi kwamba atakisifu. Inayojulikana sana ni Kirkus ya Marekani, iliyoanzishwa na Virginia Kirkus mwaka 1933. Huduma yao ya waandishi wanaojichapishia inagharimu zaidi ya dola 400. Ukipata maoni mabaya, unaweza kuchagua yasichapishwe.

Sasa piga hesabu ya Huruma. Dola 400 kwa bob 130 ni ngiri 52. Hiyo ni pesa ya kuchapa kopi 208 kwa bei ya jirani yangu. Na wanaosoma Kirkus ni maktaba na maduka ya Marekani. Kama kitabu chako ni cha Kiingereza na kinauzwa huko, fikiria. Kama wanunuzi wako wako Kariobangi, Dandora na Umoja, hiyo doh imepotea njia.

Aina ya pili ni wale wa nyota tano kwa kifurushi. Hao ni wezi, hata wakiongea kwa adabu. Hawasomi. Mitandao inawafuta, na wewe ndiye unabaki na doa. Marekani, tume yao ya biashara ilipitisha kanuni mwaka 2024 ya kupiga marufuku rivyu feki, kuziuza na kuzinunua pia. Hapa kwetu, Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza kumdanganya mnunuzi kuhusu bidhaa.

Ukipata ujumbe kutoka kwa mtu usiyemjua akisema "nimependa kitabu chako sana," muulize swali moja: mhusika mkuu anaitwa nani? Utashangaa venye grupu itanyamaza.

JINSI YA KUOMBA

Wengi hukosa rivyu kwa sababu ya ujumbe mbaya. "Hi, plz nisaidie kupromoti" hufutwa kabla haijasomwa. Jaribu hivi, ubadilishe kulingana na kitabu chako:

"Habari yako dada. Naitwa (jina), nakaa Huruma na nafanya kazi ya makanga. Nilisikia ukiongea kuhusu riwaya za Nairobi wiki iliyopita, na nilipenda venye ulisema ukweli kuhusu mwisho. Nimeandika riwaya ya kurasa 140 kwa Kiswahili, kuhusu makanga anayepata mtoto ameachwa kwa gari usiku. Ningependa kukuletea kopi ya bure. Huna deni la kuandika chochote, na ukiandika, sema ulichoona. Kama huna muda, hakuna shida. Asante."

Mhariri mzee ama mwalimu, mwite Mwalimu, Bwana au Bi, na usianze na "niaje." Heshima haina gharama.

Angalia kile ujumbe umefanya: umeonyesha unamjua, umesema kitabu ni nini kwa mstari mmoja, umemwachia uhuru. Hauna kulia, hauna "wasanii wa kwetu hatusaidiwi."

UKICHANWA JE?

Utachanwa, zoea mapema. Na kabla ulie, kumbuka David Maillu. Mwaka 1972 alianzisha kampuni yake mwenyewe hapa Nairobi, Comb Books, akaanza kutoa vitabu vidogo vya bei nafuu kuhusu pombe, mapenzi na maisha ya ofisini: Unfit for Human Consumption na My Dear Bottle mwaka 1973, After 4.30 mwaka 1974. Wasomi wengi wa fasihi walimponda, wakasema ni takataka. Tanzania ikavipiga marufuku 1976. Wakati huo wote watu wa kawaida walikuwa wanavinunua kama mkate. Leo hao hao wa vyuo vikuu wanaandika tasnifu kumhusu.

Sisemi kila aliyepondwa ni Maillu. Wengine wanapondwa kwa sababu hawakusahihisha tahajia. Tofauti ni hii: mhakiki akisema "lugha ina makosa" ama "ukurasa 60 umerudiwa," chukua kalamu, ana haki. Akisema "haya si maisha ya watu wa heshima," hapo huenda amekutafutia wateja.

Ila usimjibu mtandaoni, hata kama amekosea. Mwandishi anayepigana na wasomaji wake anauza vita, hauzi vitabu.

PANGA HIVI

Miezi mitatu kabla ya kuuza: peleka kopi za mwanzo kwa wasomaji wanne ama watano, na mwalimu mmoja. Rekebisha.

Miezi miwili kabla: andikia vikundi vya kusoma, gazeti, na wale wa TikTok na Instagram.

Wiki ya uzinduzi: wasomaji wa kwanza waweke maoni yao Goodreads na kwa grupu zao. Nambari ya Till iwe kwa kila posti na kila kadi.

Baada ya hapo: kila wiki, msomaji mmoja mpya aliyesoma. Mmoja tu. Weka daftari, andika nani alikuambia alisikia wapi. Baada ya mwezi utajua rivyu gani inauza na gani ni kelele.

Kwa kopi 200, tenga 20 za kugawa. Kwa bob 250 hiyo ni ngiri tano, chini ya zile 6,000 zilizoenda kwa yule tapeli.

Na jirani yangu? Aliacha kununua nyota. Alipeleka kopi kwa vinyozi wawili, mwalimu mmoja, na kikundi cha kusoma kilichomwita aje ajibu maswali. Aliulizwa kuhusu mama wa yule mtoto karibu saa nzima. Mwezi uliopita alimaliza kulipa sacco. Chini ya kitanda kumebaki boksi moja, na sufuria zimerudi kwa rafu.

Yule dada msusi bado anasema mwisho ni mbaya. Jirani anasema akichapisha tena hataubadilisha, kwa sababu kila mtu anayekuja kununua anaanza na hiyo hiyo: "Ni kweli alimsamehe?"